Unalala Wapi? Alhamisi za Sista Winfrida Ruhuza

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Sista Winfrida Ruhuza, muuguzi mkunga wa kituo chetu cha afya hapa Gungu, anakabidhi funguo za chumba namba sita na kustaafu, baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi wa umma. Aliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu ni mimi, Yunisi Gwimo, muuguzi niliyekaa naye chumba hicho na kugombana naye kuhusu dirisha karibu kila siku. Yeye alilitaka wazi, mimi nikalitaka limefungwa. Alishinda yeye, kwa sababu nitakazozieleza.

Kabla sijaenda mbali niseme jambo moja, mtu asije akanishika mkono hapo nje. Humu ndani nimemtaja mgonjwa kwa jina, na sisi wauguzi hatutaji wagonjwa. Bi Mwamini wa Ujiji ametaka mwenyewe, na mumewe, Mzee Swaibu, ameridhia. Wote wawili wamekaa safu ya mbele. Nilipomuuliza Bi Mwamini kama ana uhakika, alinijibu: “Waliponisema vibaya walinitaja jina. Leo kuna la heri, mnifiche kwa nini?” Basi nimemtaja.

Sista Winfrida ni mzaliwa wa Kasulu. Kazi alianzia zahanati ya Kagunga, kule mpakani na Burundi, ambako ukitaka kufika unapanda boti, na ukitaka kuondoka unasubiri boti. Aliwahi kumsindikiza mama mwenye uchungu kuja hospitali mjini, na mtoto hakutaka kusubiri gati. Wanawake waliokuwa safarini walisimama wakashika kanga zikawa ukuta, wanaume wakageukia milima ya Gombe, na Bariki akazaliwa juu ya magunia ya dagaa. Bariki huyo leo ana bodaboda hapa stendi ya Gungu, na ole wake dereva mwingine atakayethubutu kumpakia Sista.

Baadaye alihamishiwa hapa. Lakini mwaka ule wakimbizi walipofurika ufukwe wa Kagunga na kipindupindu kikaingia katikati yao, alirudi kule kusaidia. Habari za siku zile hakupenda kuzisimulia. Alituambia tu kwamba palikuwa na fomu yenye maswali marefu, na watu walikuwa wamechoka kiasi cha kushindwa kuyajibu, yeye akaiweka pembeni na kuuliza swali moja: umelala wapi? Akishajua mtu kalala wapi, alijua kanywa maji gani, kajisaidia wapi, na watoto wake wako na nani. Swali hilo alirudi nalo Gungu. Naomba mlishike, maana ndilo lililomfanya awe Sista tunayemuaga leo.

Sasa nifike kwenye tuzo. Wengi mnakumbuka Mei Mosi aliyotangazwa mfanyakazi bora wa kituo. Sababu ilisomwa kwa kipaza sauti: Sista Winfrida amejitolea zamu za usiku kuliko mtumishi mwingine yeyote. Tukapiga makofi na vigelegele. Cheti alikitia kwenye mfuko wa kitenge, na hakuna aliyewahi kukiona ukutani kwake.

Ukweli wake alikuja kuusema yeye mwenyewe, mbele ya wanawake wageni kabisa, na akaurudia kila alipoona utamsaidia mtu. Hakuwa akiipenda zamu ya usiku. Alikuwa anakikimbia kitanda chake. Hedhi ilikuwa imekoma, joto linampanda ghafla hadi shuka linalowana, usingizi hauji, na tendo la ndoa limegeuka maumivu. Mumewe, Mwalimu Selestini, ni mtu mpole ambaye hajawahi kupaza sauti hata kwa wanafunzi, na alikuwa hajamkosea kitu. Sista hakujua amwambie nini. Akaomba zamu ya usiku. Mwalimu naye akakaa kimya, na kijana wao alipooa, akampa kile kitanda kikubwa cha chumbani, akanunua viwili vya futi tatu. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Mkunga huyo! Mtu aliyezalisha nusu ya Gungu! Alikuwa akisema kwamba jambo lililomuuma kuliko yote ni hilo: sisi tunamfuata mwanamke tangu akiwa tumboni, tunampima, tunamchanja, tunamzalisha hadi kitinda mimba, halafu tunamwambia kwaheri mama, kana kwamba amefika mwisho wa reli.

Aliamka siku alipokwenda kwenye semina ya mkoa na daktari bingwa wa wanawake akalifundisha somo hilo waziwazi. Sista alitoka mle akamfuata daktari, akajieleza kama mgonjwa mwingine, akatibiwa, na nyumbani akamweleza Mwalimu. Akarudi na nguvu za kutuchosha sote. Alimwendea Daktari Elikana, mganga mfawidhi wetu, akaomba siku moja ya juma kwa ajili ya wanawake waliofika ukomo wa hedhi. Akapewa Alhamisi. Akabandika tangazo mlangoni kwa herufi kubwa, akafungua dirisha, akakaa.

Hakuja mtu. Alhamisi ya pili vilevile. Nani Gungu hii akae kwenye benchi chini ya tangazo linalosema hedhi yake imekoma na chumbani mambo hayaendi? Jirani anapita, wifi anapita. Mwishowe akalichana tangazo na kuihamishia huduma hiyo ndani ya kliniki ya presha. Kila mtu ana presha siku hizi, na hakuna anayecheka presha. Wanawake wakaanza kuingia mmoja mmoja, anapimwa mkono, anaulizwa habari za nyumbani, kisha Sista anauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya mhogo: “Na unalala wapi?”

Hapo ndipo mambo yalipokuwa yakifunguka. Wengi walilala na wajukuu. Kwetu huku, Waha kwa watu wa Ujiji, wapo wanaoamini kwamba binti akishajifungua, mama yake hapaswi tena kulala na mume, ni kama kushindana na mtoto. Basi mwanamke anachukua godoro anahamia chumba cha watoto, watu wanasema ana heshima, na hakuna anayejua kama amehama kwa heshima, kwa maumivu au kwa huzuni. Swali lake la pili lilikuwa: “Inakusumbua?” Akijibiwa haisumbui, kwamba mtu ameridhika na maisha yake na mwenziwe pia, Sista alimpima presha tu na kumwacha aende kwa amani. Alisema hamu kupungua si ugonjwa kama mwenyewe haimuumizi. Nilimwona akimtetea mjane mmoja aliyeletwa na dada zake kwa nguvu, akawafukuza wale dada.

Ikisumbua, ndipo kazi inaanza. Hakuwa na dawa moja ya miujiza na aliwachukia walionayo. Alichunguza kwanza kama kuna ukavu na maumivu, maana nani atatamani kitu kinachomchana? Kwa hao palikuwa na vilainishi, na krimu ya homoni ya kike ya kupaka ukeni ambayo Daktari Elikana aliiandika na Dismasi wa dirisha la dawa akaiagiza, kwa aibu mwanzoni, hadi Sista alipomfundisha kuitoa kama anavyotoa panado. Aliangalia dawa anazotumia mtu, kwa kuwa zipo za presha na za msongo wa mawazo zinazoweza kuizima hamu, na daktari akabadilisha inapofaa. Aliangalia damu, kisukari, usingizi, huzuni, kipigo. Waliosumbuliwa sana na joto alizungumza nao kuhusu tiba ya homoni, nani inamfaa na nani haimfai, hasa aliyewahi kuugua saratani ya titi au damu kuganda. Aliyetokwa na damu baada ya hedhi kukoma hakutoka chumba namba sita bila kupewa rufaa, hata akilia.

Wengine walikuja wameshasikia habari za homoni ya kiume. Aliwaeleza kwamba ni kweli, ipo, kwa kiwango kidogo sana, na inaweza kuwasaidia baadhi ya wanawake waliokwisha koma hedhi, ila ni ya daktari bingwa na ya kufuatiliwa kwa vipimo. Si ya kununua kwenye simu, na kidonge cha mume si cha kumeza mke. Na zaidi ya dawa zote aliwafundisha wazungumze na waume zao. Kwa umri huu, alisema, hamu haibishi hodi kama zamani. Inabidi uifungulie mlango, ukae, uzungumze, ushikwe mkono, ndipo nayo ije taratibu.

Sasa Bi Mwamini. Daktari Elikana ndiye aliyemtuma kwetu, presha yake ilikuwa haishuki. Sista akauliza swali lake. Chumba cha wajukuu, akajibiwa, tangu binti wa kwanza alipojifungua. Na Mzee je? “Mzee nimemtafutia mtu,” Bi Mwamini akasema, kwa utulivu wa mtu aliyetafuta fundi wa bati. Amempata mjane Kagunga, mkausha dagaa, mwanamke mwenye adabu. Posa inakwenda baada ya Idi. Yeye mwenyewe ndiye aliyemshauri mumewe, na mumewe amekubali.

Sista hakusema neno dhidi ya uke wenza. Ni dini ya watu na ni nyumba ya watu. Aliuliza tu: “Unamwoza kwa kuwa unataka, au kwa kuwa umechoka kuumia?” Bi Mwamini akavuta kanga usoni, akalia kilio ambacho nilikuwa nimekisikia misibani tu. Nililifunga dirisha, na siku hiyo Sista hakunigombeza.

Bi Mwamini alikuwa na miaka mingi ya maumivu, utando wa uke umekauka na kuwa mwembamba, na juu yake alikuwa amepaka unga wa kurudisha ujana alioununua kwa mchuuzi, ukamuunguza zaidi. Aliamini Mungu amemfungia. Alimpenda Swaibu. Alilisema neno hilo kwa sauti ndogo, kama anaungama wizi. Alimpenda, na alikuwa anamtoa.

Akapewa krimu, dawa ya presha ikabadilishwa, akafundishwa. Wiki zikapita, maumivu yakapungua, usingizi ukarudi, hata rangi ikarudi. Lakini kila Sista alipouliza, jibu lilikuwa lilelile: chumba cha wajukuu. Dawa ilikuwa imefanya kazi yake ikafika mlangoni ikasimama. Hakuna aliyemwambia Swaibu kitu, Mwamini alikuwa akifa kwa haya, na Idi ilikuwa inakaribia.

Nani amwambie? Mzee Swaibu ni fundi wa boti, mtu anayeheshimika mwalo wote wa Kibirizi. Mwanamke wa Kasulu, Mkristo, amwite mtu kama huyo na kumuuliza habari za chumbani? Haiwezekani, angetufungia mlango wa kwake, na mkewe asingerudi tena kituoni. Ndipo Sista alipofanya jambo ambalo halimo katika mwongozo wowote wa tiba. Alimtafuta Bi Zuleha, kungwi aliyemfunza Mwamini alipokuwa mwari. Ujiji, kungwi ndiye somo wako, wala si wa siku ya harusi tu. Hata ukizeeka ana haki ya kuingia nyumbani kwako bila kualikwa, na mumeo atainuka kumpisha kiti.

Tulikwenda na sukari na doti ya kanga, kama inavyostahili. Bi Zuleha akatupokea vizuri na kutukatalia vizuri. Mambo hayo hayazungumzwi na mtu asiyechezwa unyago, alisema, na muuguzi abaki na sindano zake. Tukaondoka. Sista akarudi tena, mimi nyuma yake, akamkuta anachambua mchele, akavuta ungo wa pili akachambua naye. Hakumtaja Mwamini kabisa. Alijisimulia yeye: zamu za usiku, cheti cha Mei Mosi, vitanda viwili vya futi tatu.

Mikono ya bibi yule ikasimama juu ya ungo. Nikadhani amekasirika. Kisha akasema: “Miye nimefunza wari wangapi kuingia ndoani. Yaliponifika haya mwenyewe, sikuwa na somo. Nilinyamaza hadi marehemu akafa.” Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Akamwambia Sista: “Simama, twende.”

Tulimkuta Mzee Swaibu nyumbani baada ya swala ya alasiri. Nami nilikuwepo, nimebeba mkoba, natamani ardhi inimeze. Bi Zuleha akafungua maneno kwa haki yake ya usomo. Kisha Sista akaeleza, bila kupepesa, kama mtu anayeeleza ugonjwa wa jicho: homoni hupungua, utando hukauka, mwili huuma, moyo hukimbia maumivu. Si chuki, si uchawi, si uzee wa laana. Ina tiba, na tiba inataka watu wawili.

Fundi alikuwa anatazama viganja vyake. Akasema kwamba yeye alidhani mkewe amemchukia. Kila akimsogelea alikuwa anakaza mwili kama anayengoja kipigo. “Nikasema nimkubalie huyo mke wa pili anayemtaka,” akasema, “labda akipumzika nami atanitazama usoni tena.” Bi Mwamini alikuwa nyuma ya pazia la mlango, amesikia yote. Akatoka. Akasimama hapo, na mumewe akamtazama, na kwa kweli sikuweza kuendelea kuangalia. Bi Zuleha akajikongoja kuinuka, akasema chai hatunywi, twendeni.

Posa haikwenda. Neno lilikuwa limeshatolewa, na neno lina mwenyewe, hivyo Bi Zuleha alipanda boti mwenyewe hadi Kagunga kuomba radhi kwa mjane na ndugu zake kwa heshima zote. Bi Mwamini alirudisha godoro lake. Wajukuu walinuna. Ananiomba niandike pia kwamba hakugeuka mwari, watu wasije wakadanganyika: ipo siku hamu inakuja, na ipo siku wanazungumza tu hadi usingizi uwachukue, na anazipenda zote mbili.

Si wote waliofika huko. Wapo waliochelewa, waume walikwisha ondoka. Wapo ambao dawa haikuwafaa, au mume alikataa kukanyaga kituo. Sista hakutuficha hayo na hakujifariji kwa uongo. Alhamisi ya namna hiyo alikuwa anakaa dirishani akipunga upepo wa ziwa, na nilijifunza kumwacha. Lakini toka siku ile Bi Zuleha alianza kuja chumba namba sita kama mwenzetu, anakaa kwenye kiti cha plastiki, na kwa wari wake anawaongezea somo la mwisho ambalo yeye hakulipata. Hadi Mungu alipomchukua mwaka jana. Siku ya maziko yake Sista alikaa na wafiwa, na hakuna aliyemuuliza kama amechezwa.

Sista Winfrida, kituo kinakushukuru. Daktari Elikana anakushukuru kwa ukaidi wako. Dismasi anakushukuru, sasa anatoa krimu huku akisalimia. Mimi umeniachia funguo, Alhamisi, na dirisha, na nasema mbele ya watu wote kwamba litabaki wazi, kwani mwaka huu joto limeanza kunipanda na mimi.

Limebaki moja. Watumishi wenzangu mnajua kwamba Sista na Mwalimu Selestini walipopona ukimya wao, hawakununua kitanda kingine. Walivisogeza vile viwili vya futi tatu, wakavifunga miguu kwa kamba, na Mwalimu amekuwa akilalamika kwa kila anayemtembelea kuwa mguu wake unatumbukia katikati. Wanawake wa Alhamisi walisikia. Wakachangishana, wakaenda kwa Mzee Swaibu. Fundi akasema yeye maisha yake yote ameunda boti, kitanda hajui, ila mbao ni mbao. Amekataa mtu mwingine kugusa hata randa.

Kitanda kimeshatangulia Kasulu, wanakorudi kuishi, juu ya Fuso, futi sita kwa sita, mninga mtupu. Bi Mwamini alikipapasa kwa mkono kabla hakijapakiwa, kuanzia ubavu hadi ubavu, akaridhika. Nenda salama, dada yetu, ukapumzike na mwenzio kwa afya na amani. Tutakuja kukusalimia, na tutakuuliza swali lako. Jibu tunalijua: ni kitanda kimoja, na katikati hakina ufa.